Kukaa Mbele Kwenye Pikapu ya Mjomba

Jino langu la kwanza kung'olewa kwa nguvu lilikuwa zima. Nilikuwa na miaka saba au minane, kwetu hatukuandika, na jino lililokuwa likiniuma lilikuwa la nyuma, upande wa kushoto. Mama yangu alinipeleka kwa kaka yake, mjomba wangu, kwa sababu alikuwa na koleo. Sababu nyingine haikuwapo. Mtu mwenye koleo pale Kinondo miaka ile alikuwa fundi baiskeli, fundi taa, mkunga wa ng'ombe na daktari wa meno, na hakuna aliyemuuliza amesomea wapi.

Mjomba alinikalisha juu ya debe lililopinduliwa, akaniambia nitazame juu ya mnazi nihesabu madafu. Nilikuwa nimefika manne alipovuta. Nikalia kwanza, kama inavyotakiwa, halafu nikapitisha ulimi, nikakuta jino bovu liko palepale na jirani yake hayupo. Nikamwambia. Mjomba akalitazama lile jino mkononi mwake, jeupe, zuri, akalipangusa kwa kikoi.

"Hili lilikuwa linafuata," akasema.

Halafu akang'oa la pili. Mama akamshukuru kwa kuku.

Sikulieleza hili ili nimseme vibaya, amekwisha kwenda mbele za haki na mimi niko njiani. Nimelieleza ili koleo lijulikane, maana nitalitaja tena, na ili mjomba mwenyewe ajulikane. Sikumsikia hata siku moja akisema amekosea. Alikuwa mtu mwema. Alitulea mimi na mama tangu baba yangu alipofariki, akatupa chumba uani kwake, na tulikula sinia moja na watoto wake. Lakini kukosea hakukosea.

Koleo lenyewe alipewa na Mzungu. Mjomba alikuwa akimfagilia uwanja Mzungu mmoja huko Diani, na Mzungu yule alikuwa na desturi ya kumpa mjomba kitu chochote kilichokaribia kuharibika. Lilianza koleo, lina kutu. Ikafuata kurunzi. Likafuata koti la sufu, ambalo mjomba alilivaa Idi mbili akitota jasho, mpaka mama akalichukua akamtandikia kuku aliyelalia mayai. Mwisho, Mzungu alipoona mambo ya siasa yanabadilika na safari yake imekaribia, akampa pikapu.

Pikapu ile ilikuwa ya rangi. Rangi gani, hatukuelewana kamwe. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alisema ni kijani, mimi niliiona ya majivu. Ilibeba mbata kwenda Likoni miaka kadhaa, na mambo ya ukoo wetu yote yalipitia humo. Hakuna mtu wetu ambaye hakupandishwa nyuma ya pikapu ile akiwa bibi harusi, au mgonjwa, au maiti, na shangazi mmoja alipandishwa kwa yote matatu, na safari zote hizo alilalamika isipokuwa ya mwisho. Halafu siku moja ikazimika karibu na mkorosho wa uani, na hapo ikakaa. Kuku wakahamia.

Bendera ilipobadilishwa, watu wote walifanya jambo jipya. Kuna aliyejenga choo, kuna aliyeoa tena. Mjomba alisema pikapu itafufuliwa.

Sasa lazima nieleze habari ya urithi, vinginevyo hakuna atakayefahamu kwa nini watu wazima wawili walilala chini ya gari miezi minne bila ya kulipwa. Kwetu sisi, tangu zamani, mali ya mwanamume ilikuwa ikienda kwa mtoto wa dada yake. Dini ilipokuja ikasema mali ni ya watoto wa mwenyewe. Wazee wetu waliipokea dini kwa moyo mmoja na ada hawakuiacha, na mtu akifa waliketi barazani wakaitazama ipi inafaa asubuhi hiyo. Mimi nilikuwa mtoto wa dada. Binamu yangu alikuwa mtoto wa mwenyewe. Na pikapu ilikuwa moja.

Mjomba aliniita kisimani, akaniambia, "Mpwa wangu, kazana. Mali yetu haitoki nje ya tumbo la mama yako." Nikakazana. Binamu yangu naye alikazana, tena zaidi yangu, nami nikamwona ni kijana mwenye moyo mzuri sana kunisaidia kufufua gari langu. Sikujua kwamba yeye aliitwa njiani wakitoka msikitini, akaambiwa, "Mwanangu, kazana. Sheria ya Mungu iko wazi." Yeye naye akaniona mimi nina moyo mzuri.

Na kwa nini niliitaka? Nitasema kweli. Watu wengine wangeitaka kwa biashara. Mimi nilisoma madarasa mawili, chuoni nikafika juzuu ya tatu, halafu nikawa utingo kwenye malori ya miwa. Utingo ni yule anayekaa nyuma, juu ya mzigo, na gogo. Lori likishindwa mlimani anaruka chini na kulitia gogo kwenye tairi lisiende. Kazi yote ni hiyo. Ukiruka mapema unachekwa, ukichelewa watu wanazikwa. Nilikuwa hodari, na silisemi kwa kujisifu, kwani si jambo ambalo mtu angejisifia. Lakini dereva huona anakokwenda. Mimi miaka mitano niliona tulikotoka tu, tena kwa vumbi. Nilitaka kukaa mbele. Sikutaka kitu kingine.

Tuliwahamisha kuku kwanza. Walirudi. Tukawahamisha tena. Sakafu ya nyuma ilikuwa imeoza, tukaweka mbao za kitanda cha bibi, ambaye hakuwa akikihitaji tena. Kiti tulikijaza makumbi ya nazi, yakachoma makalio mpaka mama akatushonea gunia la kuyafunika. Tangi la petroli tulilitia changarawe na maji, tukashika mimi huku yeye kule, tukalitikisa kama watu wanaopepeta mchele, asubuhi mbili nzima, tukatoa kutu na mjusi mmoja. Kila nati iliyokataa spana tuliifungua kwa koleo lile lile. Nilipolishika ulimi wangu ulikwenda wenyewe kwenye pengo.

Gia ya pili ilikuwa ikiruka. Ukiitia, inatoka. Mjomba akasema si ugonjwa, atakayekaa kando ya dereva ataizuia kwa goti. Breki ya mkono haikuwepo kwa sababu waya wake ulikuwa kisimani. Gari lilipolala wanawake waliuchukua wakafungia ndoo, na ulikuwa waya mzuri kuliko kamba yoyote waliyowahi kuwa nayo. Binamu yangu alijaribu kuudai.

"Chukua," mama yangu akamwambia. "Na maji utakunywa breki."

Waya ukabaki kisimani.

Kioo cha pembeni kilikuwa kimevunjika, na hicho nilikishughulikia mimi. Mama alikuwa na kioo kidogo cha kupakia wanja, chenye fremu ya bati. Nilikiomba, akaninyima, nikakiomba tena, akanipa. Nilikifunga kwa waya upande wa dereva. Binamu yangu akakaa kwenye usukani, mimi nikasimama nyuma juu ya mbao za bibi, halafu nikashuka kukipinda, nikapanda tena, hivyo hivyo, naye ananielekeza.

"Sasa nakuona miguu."

"Na sasa?"

"Tumbo. Yakhe, una tumbo wewe."

"La nani, langu? Tazama vizuri, huenda ni lako."

"Sasa uso. Mwenyezi Mungu! Rudisha kwenye tumbo."

Tulicheka. Nikakiacha kwenye uso. Dereva lazima amwone utingo wake, hilo nililijua mimi kuliko yeye. Nikawaza siku nitakapokaa pale nimwone yeye.

Zikabaki breki. Bomba zake zilizotoboka tuliziziba vizuri, lakini mafuta ya breki hayakupatikana, Ukunda wala Msambweni. Binamu yangu akasema atavuka Likoni akatafute Mombasa. Mjomba alikuwa amekaa na kahawa yake akitutazama.

"Mafuta ni mafuta," akasema. "Kazi yake kuteleza. Pikapu hii imebeba nazi maisha yake yote, itakataa mafuta yake?"

Binamu yangu akanitazama. Nami nikamtazama. Hakuna aliyetaka kubishana na mtu mwenye kurithisha. Mama alikuwa akipika mafuta ya nazi siku ile ile, nikaenda na chupa.

"Ya nini?" akauliza.

"Ya gari."

"Gari limeota nywele?"

Akanijazia. Baadaye alisema alidhani tunapaka viti, na kwamba lau tungemwambia ni ya breki angetuuliza swali moja tu. Lakini hatukumwambia. Zilikuwa habari za magari.

Tuliijaribu mchana, jua la utosi. Binamu yangu aliitoa kwenye mkorosho mpaka kisimani, akakanyaga, ikasimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Akairudisha, akakanyaga, ikasimama. Mjomba akamaliza kahawa yake.

"Nilisema nini?" akauliza, ingawa sote tulijua alichosema.

Karatasi za gari zilikuwa bado za Mzungu, na zilitakiwa ziandikwe upya huko Kwale. Mjomba akasema siku hiyo ndiyo atataja jina. Nilifua kanzu yangu. Binamu yangu naye alifua yake, tukazianika kamba moja.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Binamu yangu aliendesha kwa sababu ana leseni. Aliwahi kuendesha trekta, na alijua kusoma. Mimi kuendesha nilijua, ila leseni walitaka mtu asome vibao. Mjomba alikaa kando yake, goti kwenye gia. Mimi nyuma, na gogo la mkwaju, nimevaa kanzu. Nilijiambia ni mara ya mwisho. Kutoka Kombani ilipanda mlima wa Kwale kwa kuguna, lakini ilipanda, na tulipofika juu nikaona kwamba nimetoka majira mengine nikaingia mengine. Ilikuwa kipupwe. Kinondo kipupwe ni upepo mzuri tu. Kule juu kilikuwa manyunyu na ukungu, watu wamejifunika shuka mpaka masikioni. Pikapu tuliiacha nje kwenye manyunyu, sisi tukaingia foleni.

Foleni ilikuwa ndefu. Kabla ya karatasi alikuja bwana mmoja wa kutazama magari, akazunguka, akapiga teke tairi, akapanda akakanyaga breki. Haikushuka hata unene wa kucha.

"Ngumu," akasema. "Breki safi."

Nasi tukaona fahari, maana breki iliyolegea ndiyo mbaya, kila mtu anajua hivyo.

Saa nne ikatufikia zamu. Karani alikuwa kijana, ana kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo, mzee. Gari liandikwe jina la nani?"

Mimi nikakohoa. Binamu yangu akaiweka kofia yake sawa. Hapo ndipo kila mmoja wetu alimwona mwenzake, na kila mmoja akaelewa kwa nini mwenzake alikuwa na moyo mzuri miezi minne.

Mjomba akataja jina la mwanawe.

Karani akaandika. Anaandika polepole, kila herufi kwa namna yake, na mimi nikaitazama kalamu. Mjomba akanigeukia, akaniwekea mkono begani. Hakuwa na aibu, wala hakuwa na ubaya.

"Yeye ana leseni," akasema. "Wewe kazi ya nyuma unaijua. Likipatikana gari jingine, mpwa wangu, lako ndilo linalofuata."

Linalofuata. Ulimi wangu ukaenda kwenye pengo.

 Nje binamu yangu alinijia, akataka kunishika mkono.

"Ndugu yangu, mimi sikujua kama na wewe..."

"Panda," nikamwambia. "Mvua."

Nikazungusha hendeli ya mbele, injini ikawaka, nikampa hendeli yake, nikapanda nyuma. Kanzu ilikuwa imekwisha kulowa.

Kuteremka Kwale kuna mteremko wa kwanza ambao ni mpole, na kona, halafu mteremko wenyewe. Kwenye ule mpole nilisikia ngumi ikigonga paa la mbele. Mara mbili. Hiyo ni lugha ya utingo, maana yake kaa tayari. Halafu sauti ya binamu yangu:

"Haishuki! Breki haishuki!"

"Kanyaga!" mjomba akapiga kelele.

"Nimekanyaga, baba! Nimesimama juu yake!"

Na kweli nilimwona kwa nyuma, kichwa chake kimegusa paa. Mjomba akaliondoa goti lake kwenye gia ili amsaidie kukanyaga, na gia ya pili ikaruka, kama tulivyojua kwamba itaruka. Sasa hapakuwa na kitu kinachoizuia pikapu ile isipokuwa mimi.

"Gogo! Yakhe, gogo!"

Nimeruka kutoka malori mara nisizoweza kuzihesabu. Mahali pa kuruka utingo hupajua kama mtu anavyoujua mlango wa nyumba yake gizani. Palikuwa baada ya kona, penye changarawe, kabla haijachukua mbio. Nilikuwa na mguu mmoja juu ya ubao na gogo mkononi. Mahali pakaja. Nami nikawaza: si langu.

Ni hayo tu niliyowaza. Sikumtakia mtu kifo. Mjomba aliyenilea alikuwa mle ndani, na binamu yangu niliyekula naye sinia moja. Niliwaza maneno mawili, na nilipomaliza kuyawaza mahali palikuwa nyuma yetu. Nikainua macho. Kwenye kioo cha mama, kile kidogo, nikaona macho ya binamu yangu yakinitazama. Uso wangu aliuona wote, kwa sababu nilikipinda mwenyewe.

Nikaruka. Nikalitia gogo. Pikapu ilikuwa imekwisha chukua mbio, ikalirusha gogo kama korosho, ikaacha barabara, ikaingia shamba la mihogo. Ilikata tuta la kwanza, la pili, la tatu, na kwenye la nne udongo ukaishika, ikakaa.

Nilifika mbio. Mjomba alikuwa amejiuma ulimi na kofia haionekani. Binamu yangu alikuwa bado amesimama juu ya breki.

Akatokea mama mmoja mtu mzima kutoka kibandani kwake, ana jembe, akatutazama kwa zamu.

"Mmepita mlangoni pangu hamkubisha hodi," akasema.

"Asalaam aleikum, mama," mjomba akajibu, ulimi mzito.

"Wa aleikum salaam. Na mihogo yangu inawasalimu."

Mjomba akaeleza kwamba gari ni zima, limekaguliwa asubuhi hii hii, breki safi, ila zimekataa. Yule mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Mmetia mafuta?"

"Tumetia."

"Gani?"

"Ya nazi," nikasema mimi.

Akalilaza jembe chini taratibu. Akaingia kibandani, akatoka na chupa yake ya mafuta ya kichwa. Yalikuwa meupe kama samli. Akaipindua chupa mbele ya pua ya mjomba. Halikutoka tone.

"Kipupwe hiki kizima," akasema, "mimi nayaanika juani ndipo nijipake. Mjukuu wangu wa kunyonya anajua. Nyinyi mmetoka wapi?"

"Kinondo."

"Kinondo hakuna wanawake?"

 Tulikuwa nao wengi. Alicheka mpaka akaketi juu ya tuta, moja kati ya machache yaliyobaki.

"Mafuta hayana ubaya," mjomba akasema alipopata nafasi. "Ni Kwale iliyo baridi."

"Sawa, baba. Sasa kabla Kwale haijapata joto, mtairudisha mihogo yangu ardhini. Kijiti kimoja kimoja. Na matuta myainue."

Tukaisukuma pikapu pembeni ya shamba, tukapanda mihogo. Wanaume watatu, wawili wamevaa kanzu. Yule mama hakumwamini mjomba na panga lake, kwa hiyo mjomba alikata vijiti kwa koleo, akituletea, na binamu yangu na mimi tukavipanda, yeye tuta hili, mimi lile. Nilitaka anitukane. Angenitukana ningemjibu, na tungekuwa tumeanza kuzungumza. Aliuliza mara moja tu kama kijiti kinalazwa au kinasimamishwa, na alimuuliza yule mama.

Karibu na adhuhuri manyunyu yakakatika. Jua likatoka, tena kali, mvuke ukapanda kutoka kwenye boneti. Yule mama akasema, "Kanyageni sasa." Binamu yangu akapanda, akakanyaga. Ikashuka laini kabisa. Akaachia, ikarudi. Mjomba akatutazama mimi na yule mama kwa zamu, kama mtu aliyesema hivyo tangu mwanzo.

Binamu yangu hakushuka mara moja. Alikaa pale kwenye usukani wa gari lake. Kioo kilikuwa na tope, akatoa kitambaa chake mfukoni akakipangusa, pembe zote nne, mpaka kikang'aa.

"Kioo chako kinaonyesha vizuri," akasema.

"Ni cha mama," nikasema.

Nilikuwa na mengine ya kusema. Nimekuwa nayo tangu siku hiyo.

Akashuka. Akafungua rejeta, ilikuwa kavu. Akalichukua debe nyuma. Hendeli ilikuwa mkononi mwake, akaitazama, akanipa mimi. Nikaipokea, nikadhani ananipa niishike tu.

"Fanya haraka," mjomba akamwambia, "adhuhuri inaingia."

"Haya, baba."

Akateremka kwa kijia cha kwenda kijitoni, debe linagonga goti lake, kanzu imejaa udongo mpaka kiunoni. Hakwenda kwa haraka wala kwa kuchelewa.

Tulingoja. Mjomba alisali. Yule mama akatupa mihogo ya kuchemsha, akasema ni ile ile tuliyoichimba kwa gari. Mjomba akala yake, akatazama kijia.

"Anachimba kisima huyu?" akasema. "Mpwa, mtazame."

Nikashuka. Kijito kilikuwa karibu, haukuwa mwendo wa kumaliza sigara. Debe lilikuwa limewekwa juu ya jiwe bapa kando ya kijia, mahali ambapo mtu anayeteremka hawezi kulikosa. Lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Ng'ambo ya maji, kwenye mchanga, palikuwa na nyayo zake zikielekea chini kwenye barabara kuu, hatua zinalingana, za mtu anayetembea.

Niliita mara mbili. Mara ya tatu sikuita.

Nikajitwisha maji, kwa sababu rejeta ilikuwa kavu, nikapanda nayo. Yalitosha. Nikazungusha hendeli, nikakaa mbele.